Uliza Mama wa Mpakani: Gunia moja ni siku mbili tu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: shule inaomba, mfanyabiashara anatazamwa, na mpaka uko katikati yao. Nimechagua tano. Walioniandikia kuhusu mikopo ya kausha damu wanisubiri, nayo ina siku yake.

SWALI: Mama, shikamoo. Sisi ni kikundi cha kina mama wa Himo, tunauza mahindi na maharage, siku za soko tunavuka kwenda Taveta. Mwalimu mkuu wa shule wanakosoma watoto wetu ametuita, anasema watoto wanashinda njaa, na sisi ndio wenye magunia, tuchangie. Wenzangu wengine wanasema elimu ni bure, tukichangia tunavunja sheria. Wengine wanataka tupeleke gunia moja siku ya kufunga shule, tupige picha, yaishe. Tufanyeje?
*Mama wa kikoba, Himo*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na sheria, maana hiyo ndiyo inayowagombanisha. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 serikali ikawa inapeleka ruzuku shuleni. Kwa shule ya msingi ruzuku hiyo imepigwa hesabu ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Gawanya mwenyewe kwa siku za masomo uone kama kuna sahani ya makande humo. Haimo, wala haikukusudiwa kuwamo. Waraka Namba 3 wa 2016 ukaja kufafanua kwamba chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi, na kwamba jamii inaweza kuchangia kwa hiari yake. Kilichokatazwa ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Kwa hiyo mwalimu mkuu hajakosea kuomba. Angekosea kama angepokea hela mkononi na kuitia kwenye droo.

Sasa hesabu, maana nyie ni watu wa magunia. Chukulia shule ina watoto 300. Makande ya kushibisha yanataka kama gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa kila mtoto. Hapo jiko linakula kilo 45 za mahindi na kilo 15 za maharage kwa siku. Mwaka una siku 194 za masomo. Zidisha: mahindi peke yake ni kilo 8,730, yaani magunia 87 ya kilo mia mia na ushee. Lile gunia moja la kupigia picha linakwisha siku ya pili, ya tatu watoto wanakombeleza. Na kulipeleka siku ya kufunga shule ndiyo vituko kabisa, kwa kuwa hata hao wa kulila hawapo.

Ushauri wangu: msitoe gunia, toeni kilo. Kilo moja kwa kila gunia linalovuka. Chukulia mko ishirini, kila mmoja anavusha magunia matano kwa soko, na soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Hayo ni magunia 200 kwa wiki, kwa hiyo kilo 200 za shule. Ni karibu siku nne na nusu za chakula, na hakuna mama hata mmoja aliyeumia, kwa sababu kilo moja katika mia mnaipoteza kila siku kwa kuli anayeburuta gunia lililotoboka. Msimu ukiwa chini mtatoa kidogo, na ukichangamka mtatoa zaidi. Bado wazazi wengine nao watoe chao. Msikubali kikoba kigeuzwe kuwa mzazi wa shule nzima, maana mkishajulikana hivyo kuna watu hawataleta tena hata sado ya maharage.

Halafu tumieni kile ambacho mwalimu hana, yaani akili ya soko. Nyie mnajua kuliko afisa elimu yeyote kwamba mahindi ya Agosti na mahindi ya Februari si bei moja. Mkiitoa ile kilo kwa hela, hela hizo ziwekwe, zinunue wakati mavuno yanatoka, mzigo ukauke vizuri, ukae stoo kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile watu wanayoiita kinga njaa. Shule nyingi hununua wakati mbaya kuliko wote kwa kuwa hununua njaa ikishaingia. Nilipokuwa mweka hazina wa kamati ya shule, mabishano yetu makubwa na walimu yalikuwa hayo hayo: wao wanataka kuona hela kwanza, sisi tunataka kuona bei kwanza.

Kuna jambo moja nalisema kwa ukali. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Malori yalilala foleni, na baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: mfanyabiashara ajisajili, mzigo uwe na cheti cha ulikotoka, na cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho hawakukitunga siku ile. Ni kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho pia kinataka unyevu usipite asilimia 13.5. Wengi wetu tulilalamika kwamba Wakenya wanatubania. Lakini Wakenya walizika watu 125 mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, kwa kula mahindi yaliyokuwa na hiyo sumu. Siwezi kuwalaumu kwa kuogopa.

Ninachoogopa mimi ni mahindi yaliyokataliwa. Mzigo ukirudishwa mpakani, mwenye mali hutafuta pa kuutupia, na pa rahisi huwa ni pale wanapopokea bila kupima: chakula cha kuku, kiwanda cha pombe ya kienyeji, na shule. Msithubutu. Kama gunia halifai Taveta halifai mtoto wa darasa la kwanza, ambaye ini lake ni dogo kuliko la mteja wenu. Kipimo cha sumukuvu mtakipata maabara, lakini unyevu mnaweza kuukagua wenyewe kwa chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi, tia kijiko cha chumvi kavu, ziba, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Chumvi ikishuka yote chini, unyevu umeshuka chini ya kama asilimia 15; kuhakikisha ile 13.5 kunataka kipima unyevu. Fanyeni hivyo kwa mzigo wa kuuza na kwa mzigo wa shule, kwa mkono ule ule.

Karatasi nazo. Mpango upite kwenye mkutano wa wazazi, uandikwe kwenye muhtasari wa kamati ya shule, serikali ya kijiji iwe na habari. Mzigo ukifika upimwe kwa mizani mbele ya wajumbe wawili, uingie kwenye leja ya stoo, mpewe stakabadhi. Na mtazame ile sado ya jikoni. Nimeshaona sado iliyobonyea kitako kwa kugongwa gongwa, mpishi anahesabu sado kumi na tano kumbe zinaingia kumi na tatu, na watoto wa mwisho kwenye foleni wanapewa mchuzi.

SWALI: Mama, natoa vitunguu Mang'ola kwenda Nairobi kupitia Namanga, mara nyingi si zaidi ya gari ndogo. Nimechoka na njia za panya na watu wa kuwapa chochote kila kona. Jamaa mmoja kaniambia kuna cheti cha bure cha wafanyabiashara wadogo. Mwingine kanitoza hela ya hicho hicho cheti. Kipi ni kweli? Na hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki mbali na mikutano ya Arusha inanisaidia nini mimi?
*Kijana wa vitunguu, Karatu*

JIBU: Cheti kipo na ni bure. Aliyekutoza amekula hela yako. Kinaitwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kipo chini ya utaratibu wa biashara ndogo wa Jumuiya, na unakipata kwa maafisa wa forodha pale pale mpakani. Masharti yake ni matatu: bidhaa iwe imelimwa au kutengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, iwe kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, na thamani ya mzigo isizidi dola 2,000 za Marekani. Ukitimiza hayo, ushuru wa forodha haulipwi. Huu msamaha si hisani ya mtu. Umoja wa forodha ulianza kazi Januari 2005, na soko la pamoja Julai 2010. Vitunguu vyako vina haki hiyo kwa mkataba.

Ila cheti hicho hakifuti kila kitu, na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama na kuona wamedanganywa. Vitunguu ni mmea, kwa hiyo unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na upande wa pili KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, watakitazama. Hicho kina ada yake halali na risiti yake. Mahindi yana kibali chake cha Wizara ya Kilimo juu ya hayo. Cheti chako cha afya ya mimea kianze kutafutwa ukiwa bado shambani. Mtu anayefika Namanga na mzigo unaoanza kutoa maji ndipo aulize makaratasi ndiye chakula cha madalali.

Namanga yenyewe siku hizi ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa Desemba 2018. Ukitoka Tanzania husimami ofisi ya huku halafu ukasimame tena ya kule. Unavuka, na maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia kwenye jengo moja la upande unaoingia. Kuna dawati la taarifa kwa wafanyabiashara wadogo, ulizia. Usiulizie nje kwa vijana wenye vikoti vya kuakisi, uliza ndani.

Umeniuliza Jumuiya inakusaidia nini. Fanya zoezi hili dogo: andika kwa mwezi mmoja kila shilingi uliyoitoa bila risiti njiani. Mlinzi wa njia ya panya, bodaboda wa kuvusha, wa kufumba macho, wa kufumbua. Utashtuka. Kila nikisikia mfanyabiashara wa mpakani akisema hana cha kuchangia shuleni, huwa namwomba daftari hilo, na mara nyingi dawati la mtoto wake limo mle ndani, limeshalipwa kwa mtu mwingine.

SWALI: Habari ya siku nyingi Mama. Mimi niko Taveta, nina duka la jumla. Shule ya hapa karibu ina watoto wengi wa kutoka upande wenu, Holili na vijiji vya pale. Mwalimu ameunda kamati ya wafanyabiashara, anataka tuchange. Mke wangu ananiuliza kwa nini tusomeshe watoto wa Tanzania ilhali Tanzania ina serikali yake. Nimjibu nini?
*Baba Duka, Taveta*

JIBU: Njema kabisa kaka, salamu kwa wifi. Swali lake si baya, na wala usimjibu kwa maneno ya udugu, hayanunui chaki.

Kwanza mwelewe mwalimu anatoka wapi. Elimu ya msingi kwenu imekuwa bure tangu 2003, na baadaye serikali ikafikisha Sh 1,420 za Kenya kwa mtoto kwa mwaka. Hela hiyo hufuata majina yaliyomo kwenye mfumo, na ulipokuja mfumo wa NEMIS jina likataka namba ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa zahanati ya Holili, ambaye bibi yake anakaa Taveta na anasomea kwa bibi, huyo cheti chake ni cha nchi nyingine au hana kabisa. Asipoingia kwenye mfumo haleti hela, ila kiti anakalia, daftari la zoezi anaandikia, na maji anakunywa. Kwa hiyo mwalimu wenu ana watoto darasani ambao kwenye vitabu vya Nairobi hawapo. Hilo pengo ndilo analokuja kuliziba dukani kwako. Kabla ya kuchanga, muulize ni wangapi. Pengine nusu yao ni Wakenya halisi ambao wazazi hawajafuatilia cheti, na hao mnaweza kuwasaidia kwa nauli ya kwenda kwa msajili, ikawa nafuu kuliko kuwachangia kila muhula.

Pili, wifi afungue kitabu cha mauzo. Nani ananunua unga, sabuni na mafuta ya jumla siku ya Jumatano? Nadhani jibu analo.

Mimi nimekua na mpaka huu ukiwa umefungwa. Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967, ilivunjika 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Nilikuwa shule ya msingi ulipofungwa, nilikuwa binti mkubwa ulipofunguliwa. Mama yangu aliuza Taveta, na shule yetu ilizoea kupata chaki na daftari kwa wachuuzi kama yeye, hata hakuna aliyekuwa akiita mchango, ilikuwa tu mtu akirudi sokoni anapitia kwa mwalimu. Mpaka ulipofungwa biashara haikufa, iliingia gizani: watu walipita usiku, wakarudi na sabuni na Kimbo vimefungwa tumboni kama mimba. Mchuuzi wa usiku hapitii kwa mwalimu. Hana risiti, hana jina, anaogopa kuulizwa amepata wapi. Kumbuka pia mwaka mmoja kabla, 1976, serikali ilikuwa imevunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU yetu ya kahawa ikiwamo, iliyokuwapo tangu 1933. Kwa hiyo upande wetu wa Kilimanjaro mifuko miwili iliyokuwa ikitazama shule ilishonwa mdomo karibu wakati mmoja. Tulibaki na msaragambo: kila kaya itoe mtu, jiwe na ndoo ya mchanga. Madarasa yalisimama. Vya kutia ndani ya madarasa ndivyo vilivyokosekana.

Na lisemwe, hata mpaka ulio wazi unaweza kufungwa kwa mnyonge peke yake. Mei 2020, wakati wa korona, Kenya ilifunga mpaka kwa watu lakini malori ya mizigo yakaruhusiwa. Kwenye karatasi biashara ilikuwa inaendelea. Lakini mama wa ndizi si lori. Yeye na kapu lake walihesabiwa kuwa watu, wakabaki nyumbani, na wewe ukakosa wateja. Ndiyo maana nakusihi kamati yenu ya wafanyabiashara isiwe ya kuchangisha tu. Iwe na mtu wa kukaa na wenzake wa Holili, mkutane hata mara moja kwa muhula, mjue shule zipi za pande zote mbili zina shida ipi. Jambo likitokea mpakani mwende kwa mkuu wa kituo mkiwa watu wa pande mbili wenye orodha moja. Ofisa hupuuza malalamiko ya mtu mmoja. Orodha yenye mihuri ya kamati ya shule ya Tanzania na bodi ya usimamizi ya shule ya Kenya huisoma mara mbili.

Hela yenu ipite kwenye akaunti ya shule, kwa paybill, iingie kwenye taarifa ya bodi. Usimpe mwalimu kwa simu yake binafsi hata awe mtu mwema kiasi gani.

SWALI: Mama, baba yangu ni mwanachama wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, ya kahawa huku Karagwe. Kila mwaka tunasikia darasa fulani limejengwa kwa hela za kahawa, au vyoo. Hizo hela zinatoka kwenye bei ya baba au wapi? Na nani anaamua? Baba mwenyewe anasema yeye hajaulizwa.
*Binti wa mkulima, Karagwe*

JIBU: Kama chama chenu kikuu kimethibitishwa na Fairtrade, ule mfumo wa kimataifa wa biashara ya haki, hela hiyo haitoki kwenye bei ya baba. Ni nyongeza anayolipa mnunuzi wa nje, senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa iliyouzwa kwa masharti hayo. Gunia la kilo 60 lina ratili 132, kwa hiyo kila gunia lina dola 26 na senti. Kontena moja hubeba magunia kama 320. Hapo chama kinapokea zaidi ya dola 8,400 juu ya bei. Katika zile senti 20, angalau 5 ziende kwenye kuongeza mavuno na ubora, na zilizobaki wanachama wanaamua: shule, zahanati, barabara, au wagawane. Wanaamua kwenye mkutano mkuu, kwa kura. Baba kama hajaulizwa basi ama hakwenda mkutanoni, ama mkutano uliitishwa kwa njia ya kutaka asiende. Amwombe katibu muhtasari, ni haki yake.

Zingatia maneno "iliyouzwa kwa masharti hayo". Si kahawa yote ya chama huuzwa hivyo, na iliyovushwa Mutukula usiku haihesabiki kabisa. Najua bei ya Uganda mara nyingi imewavutia watu, na najua butura ilivyowamaliza wengine, mtu anauza kahawa ingali maua kwa sababu mtoto anadaiwa sare. Simhukumu. Chama kinachochelewesha malipo miezi mitatu kisimtukane mkulima aliyemfuata mwenye fedha taslimu. Lakini hesabu inabaki vilevile: magunia 320 yaliyopita porini ni kontena moja ambalo shule yenu haikulipata. Mkienda mkutanoni wekeni mambo hayo mawili kwenye ajenda moja, malipo ya haraka na darasa, maana la kwanza likikwama la pili halisimami.

Jambo jingine, binti yangu. Darasa ni rahisi kupigiwa kura kwa sababu linaonekana. Wenye hekima hupigia kura nyumba ya mwalimu. Shule ya mbali isiyo na nyumba ya mwalimu, hata ujenge madarasa kumi, walimu watakuwa wanaomba uhamisho kila Juni.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini. Nataka kutoa madawati kwa shule mbili. Mambo mawili: nitapata nafuu ya kodi? Na naweza kuandika jina la duka kwenye ukuta wa darasa, kubwa, kwa rangi ya duka?
*Mwenye hadwea, Moshi*

JIBU: La ukuta ni la kamati ya shule, sio langu. Ukiniuliza mimi, ukuta wa darasa uandikwe irabu na jedwali la kuzidisha. Jina lako liandike ubavuni mwa dawati, padogo, na namba ya simu ya fundi wako chini yake ili likivunjika wajue wa kumpigia. Tangazo zuri kuliko hilo sijaliona bado.

Madawati yenyewe uyakague kabla hayajapanda gari. Geuza moja miguu juu. Mshono wa welding uwe umezunguka bomba lote, si tone mbele na tone nyuma. Mbao iwe imekauka. Paina mbichi ikikaa mwezi mmoja inajikunja, misumari inachomoza, na sare za watoto zinachanika makalio, lawama zinarudi kwako. Na uliza urefu wa watoto. Dawati la darasa la saba akikalishwa wa darasa la pili, miguu inaning'inia siku nzima.

La kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii kupunguzwa kwenye mapato ya biashara, ila kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato hayo. Kuna mlango mpana zaidi: Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA. Mchango ukipitia utaratibu wa mfuko huo, TEA wanaweza kukupa hati ya kuutambua, na huo hupunguzwa wote. Lakini yote haya ni kwa anayetengeneza hesabu. Kama unalipa kodi ya makadirio kwa kufuata mauzo, hakuna pa kupunguzia, kwa sababu hukokotolewi kwa faida. Watu hutoa madawati Novemba, wakaja kunilalamikia Juni kwamba TRA hawana shukrani, kumbe hawakuwahi hata kuwa kwenye kundi linalohusika.

Kwa hiyo anza na mhasibu, mwulize uko kundi gani. Kisha waandikie TEA kabla hujanunua mbao, ukitaja shule mbili, idadi ya madawati na thamani. Baada ya hapo ndipo uende kwa fundi. Risiti za EFD za mbao na vyuma, barua ya shule ya kupokea, na muhtasari wa kamati uviweke kwenye faili moja, umpelekee mhasibu kabla ya kuwasilisha ritani.